Je, wakili wa bure atachukua robo ya shamba langu?

SWALI: Shikamoo Wakili. Mume wangu alifariki mwaka 2022 akaniacha na watoto watatu. Sisi ni Waislamu. Mahakama ya Mwanzo ilimteua shemeji yangu kuwa msimamizi wa mirathi. Tangu hapo anapokea kodi ya fremu mbili za duka na kuvuna michungwa yetu, na nikiuliza ananijibu kwamba mahakama imempa yeye. Nimesikia kuna ofisi ya mawakili kutoka Tanga mjini inayokuja ofisi ya kata yetu kusaidia watu bure. Jirani ananitisha kwamba ukishasaini karatasi zao, kesi ikiisha wanachukua robo ya shamba. Ni kweli?
Mjane, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Si kweli. Mimi mwenyewe hukaa kwenye meza za msaada wa bure za namna hiyo, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokijua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inataka msaada huu utolewe bila malipo kwa mtu asiye na uwezo. Robo ya shamba ni malipo. Elfu kumi ya kufungua faili ni malipo. Hata "soda ya wakili" ni malipo.

Hata hivyo, jirani yako usimlaumu. Huko nje wapo vishoka, watu wanaojiita mawakili na kusainisha wajane karatasi zisizosomwa, na ndio waliotuharibia jina. Kabla hujasaini chochote, uliza jina kamili la wakili, kisha mwombe kijana mwenye simu alitafute kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Karatasi usiyoielewa, dai usomewe neno kwa neno. Ada ya mahakama ni jambo jingine: hulipwa serikalini kwa kontroo namba, haipiti mkononi mwa mtu, na asiyeimudu anaweza kuomba asamehewe.

Sasa tuje kwa shemeji yako. Mahakama haikumpa mali, ilimpa kazi. Kazi yenyewe ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kuwagawia warithi. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe alipaswa kupeleka mahakamani Fomu namba 5 inayoorodhesha mali na madeni, isipokuwa kama mahakama ilimwongezea muda. Hesabu za mapato na matumizi huja kwenye Fomu namba 6, na kodi ya zile fremu inatakiwa ionekane humo. Nenda kwa karani wa mahakama iliyomteua, mtajie namba ya shauri, uulize kama fomu hizo zipo kwenye jalada. Kama hazipo, hilo ndilo jambo la kwanza la kumwambia wakili, kwa sababu mahakama iliyomteua inaweza pia kumwondoa kukiwa na sababu ya kutosha.

Katika mgawo, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, fungu lako wewe mjane kwa sheria ya Kiislamu ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na watoto wana mafungu yao. Lakini mweleze wakili pia ulichangia nini kwenye nyumba na shamba. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka na yako ni mirathi, kwa hiyo mwachie wakili apime kama inakufaa.

Pale mezani unaweza kupokewa na msaidizi wa kisheria badala ya wakili. Usivunjike moyo. Wengi wao wanaijua mirathi vizuri kwa sababu wanaishi na kesi hizi vijijini, ila hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani. Muulize mapema: mahakamani nitasimama mwenyewe au nitakuwa na wakili? Anaitwa nani? Tarehe yetu ni lini?

Uliza bila kuona haya. Linaloniuma katika kazi yetu ni faili la bure kuwekwa chini ya mafaili ya wanaolipa. Wakili aliyekubali kukusaidia anadaiwa juhudi ileile anayodaiwa na mfanyabiashara wa mjini, na asipotokea tarehe ya shauri lako una haki ya kumlalamikia kwenye ofisi yake na kwa Msajili wa Msaada wa Kisheria.

Ukienda, beba cheti cha kifo, cheti cha ndoa, nakala ya uteuzi wa shemeji, muhtasari wa kikao cha ukoo kama unao, na jina la kila mpangaji wa fremu pamoja na kodi anayolipa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto usiviache nyumbani, maana nao ni warithi.