Kuhusu dawa mpya za kipindupindu

Ndugu, umeuliza kama kuna tiba ya kipindupindu inayotafutwa zaidi ya maji ya chumvi na sukari. Ipo, na msingi wake ni huu: sumu ya bakteria wa kipindupindu huulazimisha utumbo mwembamba kufungua njia za kloraidi (sehemu mojawapo ya chumvi), chumvi ikatoka na maji yakaifuata, hata mgonjwa akaharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Watafiti wanatafuta dawa ya kuziba njia hizo. Mojawapo, krofelema, hutokana na utomvu mwekundu wa mti wa Amerika ya Kusini, nayo imejaribiwa kwa wagonjwa nchini Bangladesh. Wengine wanachunguza virusi vinavyoshambulia bakteria, jambo linalonipa matumaini kwa kuwa usugu wa antibiotiki unaongezeka. Nakusihi, hata hivyo, maji ya chumvi na sukari yasicheleweshwe: mtu mzima anaweza kupoteza lita 1 kwa saa.