Maswali ya Wasomaji: Nna miaka 47, vijana wananitaka niwaendeshee baskeli

SWALI: Asalaam aleikum. Mie naishi Mwera, nna miaka 47, baskeli naendesha tangu skuli na mpaka leo nakwenda nayo kazini Darajani. Sasa mpwa wangu anaogelea vizuri na rafiki yake mkimbiaji, wananing'ang'ania niingie nao triathlon ya timu huko Bara, yaani mmoja aogelee kilomita moja na nusu, mie baskeli kilomita 40, mwengine akimbie kilomita 10. Mke wangu anacheka, anasema mzee mzima unakwenda kushindana na watoto. Baskeli ya mbio ninayo, ya mtumba lakini nzima. Je ntawaangusha wenzangu? Na mazoezi nayafanya vipi mie nafanya kazi siku sita?

JIBU: Waaleikum salaam yakhe. Hutowaangusha. Hebu piga hesabu, ukienda mwendo wa 28 kwa saa zile kilomita 40 unazimaliza kwa saa moja na dakika 26 hivi, ukikaza mpaka 30 ni saa moja na dakika 20. Dakika sita tu, na hizo sita ndo zinazowaua watu wa umri wetu, manake mtu anazitafuta kwenye kilomita tano za mwanzo, damu imechemka, watu wanapiga makofi, anatoka mbio kama kafukuzwa na mbwa, akifika kilomita ya 25 mapaja yamekuwa mawe na zile dakika sita anazirejesha na riba juu. Anza mwendo ambao bado unaweza kumjibu mtu sentensi nzima, kaza baada ya robo ya njia, na zile kilomita 10 za mwisho toa ulichonacho chote. Kumbuka wewe hukimbii baada ya hapo! Mwenye kufanya zote tatu peke yake lazima abakishe miguu, wewe huna wa kumbakishia.

Pahala pa kuokota muda bure ni pa kupokezana, na hapo ndo naona timu nyingi hazifanyi mazoezi kabisa. Mpwa wako akitoka majini anakimbilia eneo la kubadilishana, mguuni kafungwa mkanda wenye chipu ya kuhesabia muda, ule mkanda ndo kijiti chenu. Yeye keshachoka, vidole vimekunjana kwa maji, akianza kuupapasa mwenyewe mtasimama hapo mpaka jua lizame, kwa hiyo wewe chutama umvue, ujifunge wewe, kisha ndo uiguse baskeli. Helmeti iwe imeshafungwa kidevuni kabla hujaitoa baskeli kwenye bomba ilipotundikwa, ukisahau hilo unapigwa adhabu. Unaisukuma kwa mguu mpaka mstari wa kupandia, na ukirudi unashuka kabla ya mstari wa kushukia, si juu yake. Tafuteni mkanda wowote mfanye mazoezi uwanjani hapo nyumbani, watoto watawacheka, poa tu.

Jengine, kwenye mbio nyingi za watu wa kawaida kama sie huruhusiwi kujificha nyuma ya mwenzio akukingie upepo, unatakiwa uwe mbali naye, mara nyingi mita 10, kwenye mbio ndefu 12. Soma kanuni za mbio zenu. Mana ake upepo utaula peke yako, na ukishapita 25 kwa saa upepo ndo mzigo mkubwa kuliko vyote, kwa hiyo jizoeze kuinama, viwiko vimekunjwa, kichwa chini kidogo (macho mbele jamani, ng'ombe hawana kanuni).

Kwa upepo Unguja tumebarikiwa. Msimu wa kusi, upepo ukitoka kusini, toka Mwera asubuhi mapema shika Tunguu, Jozani mpaka Paje, upepo unakupiga usoni njia nzima na kurudi unakusukuma. Pale Jozani punguza, kuna matuta na kima punju wanakatiza bila kuangalia pembeni. Hiyo ndo safari yako ndefu ya wiki, siku yako ya mapumziko. Katikati ya wiki tumia njia ya kazini, siku moja tu kaza kweli, dakika tano nguvu dakika tatu pole pole, rudia mara nne au tano, siku nyengine nenda taratibu kabisa. Kijana wa miaka 22 anaweza kukaza leo na kesho, wewe misuli yako inataka siku mbili kujirudi na hiyo si aibu. Mwezi wa Ramadhani endesha kidogo saa moja kabla ya futari, ukifika nyumbani maji na tende ziko mezani.

Siku ya mbio kula tende tatu nne kila nusu saa. Maji ya dafu mazuri lakini chumvi yake ndogo kwa jasho la kwetu, tia chumvi kidogo kwenye chupa. Mpwa wako akiwa majini usikae chini ukipiga soga, zunguka na baskeli mapema kabla haijatundikwa, kisha rukaruka hapo hapo, nusu saa ya kusubiri inagandisha miguu. Ukivuka na boti ilaze upande wa cheni ukiwa juu, ile gia ya nyuma ikigonga ukingo imekwisha, na ukifika ioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, utie oili.

Kabla ya yote hayo kapime presha na sukari. Kifua kikikubana au kichwa kikizunguka, shuka, hata kama umebakisha kilomita moja. Shemeji mwambie acheke, ila siku yenyewe aje.

SWALI: Mie mama wa watoto watatu, niko Wete, miaka 41. Tumeanza kuendesha alfajiri wanawake wanne. Milima ya huku inanimaliza goti, hapa mbele. Na buibui naogopa cheni. Niache?

JIBU: Usiache dada. Goti likiuma mbele kwanza tazama siti, nina hakika fundi kaishusha ili miguu ifike chini. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Kama umekunjika, pandisha kidogo kidogo. Weka gia nyepesi kabla ya mlima kuanza, si katikati, na kama baskeli haina gia shuka usukume, Pemba hakuna asiyeshuka. Buibui libadilishe kwa suruali pana chini iliyofungwa kifundoni na kanzu ya magotini, na mwambie fundi akutilie kava la cheni. Goti likivimba, au likiuma hata umelala, hilo si la siti tena, nenda hospitali.