Mkojo kwanza, unga baadaye: jibu kwa dada anayetaka kutibu UTI kwa manosi

Dada, weka hicho kijiko chini kwanza.

Umeandika kwamba mkojo unakuchoma siku ya nne sasa, kwamba jana usiku ulitetemeka mpaka meno yakagongana, na kwamba mgongo upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu, unauma hata ukiguswa. Halafu unauliza unga wa manosi, ile sukari inayouzwa kama tiba ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), unywe vijiko vingapi kwa siku, na kama unaweza kuuchanganya na ribosi, sukari nyingine inayouzwa kama ya kuongeza nguvu, ili uchovu ukuishe. Hapana. Kutetemeka na maumivu ya mahali hapo si mambo ya kibofu tena, hizo ni dalili za maambukizi yaliyopanda kwenye figo. Hospitali leo, hata kama ni usiku. Yakivuka figo yakaingia kwenye damu hayakupi muda wa kufikiri. Mengine niliyoandika hapa utayasoma ukiwa kwenye foleni. Na huo uchovu unaotaka kuutilia ribosi ni homa inayokula mwili wako.

Nimeona watu watatu hapo juu wamekujibu kwa gramu na vijiko, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama umepima mkojo. Ndiyo maana nimewaka.

Mimi nilikunywa manosi miezi minane. Nilikuwa na UTI inayorudi. Ya kwanza nilipewa antibayotiki, ikaisha. Baada ya wiki chache ikarudi, nikapewa vidonge vingine, ikaisha, ikarudi tena. Kila nikimaliza dozi napata fangasi na tumbo linaharibika. Katika muda wote huo hakuna aliyeotesha mkojo wangu maabara ili ajue ni mdudu gani, na mimi sikujua kwamba hicho ni kitu cha kudai. Nikaingia kwenye kundi moja la afya ya asili. Msimamizi wake, ambaye ndiye pia aliyekuwa anauza unga, akaniambia maneno ambayo hadi leo nayasikia masikioni: "Antibayotiki zinaua, manosi inaosha."

Maelezo yake yalikuwa matamu, na sehemu kubwa ni kweli. Manosi ni sukari kabisa, ndugu wa glukosi. Zote mbili ni C6H12O6, zinatofautiana tu kwa kikundi kimoja cha atomi kilichogeukia upande mwingine kwenye kaboni ya pili. Mwili hauitumii sana kama nishati, na sehemu ya unachokunywa hutokea kwenye mkojo. E. coli, bakteria ambaye ndiye chanzo cha UTI nyingi, ana vinyweleo vyenye ncha ya protini iitwayo FimH, na ncha hiyo hujishikiza kwenye manosi iliyopo juu ya seli za kibofu. Mkojo ukiwa umejaa manosi inayoelea, bakteria ashike hiyo badala ya kushika ukuta, kisha umkojoe aende zake. Kwenye maabara jambo hilo linaonekana. Mtu akikueleza hivyo kwa utulivu, na wewe umechoka na vidonge, unaamini.

Alichoruka ni swali moja dogo: ni nani amekuhakikishia kwamba mdudu wako ni E. coli?

Wiki ya kwanza nilipata nafuu. Nilikuwa nakunywa kila kijiko na glasi kubwa ya maji, karibu lita tatu kwa siku, na mkojo uliozimuliwa hauchomi kama mkojo mzito. Sifa zote nikazipeleka kwa unga. Dalili ziliporudi nikauliza kundini, nikaambiwa niongeze. Nikatoka gramu mbili kwa siku nikafika kijiko kila saa tatu. Tumbo likajaa gesi, nikaharisha, jambo la kawaida kwa mtu anayekunywa sukari nyingi ya aina hiyo. Nikaambiwa mwili unatoa sumu.

Kuna asubuhi moja sitaisahau. Nilikuwa nimenunua vijiti vya kupimia mkojo. Nikachovya kimoja, nikakilaza juu ya karatasi ukingoni mwa sinki, nikasubiri. Kiraka cha chembe nyeupe za damu kikawa zambarau. Kiraka cha nitraiti kikawa waridi. Na kile cha pH, yaani cha kupima uasidi, ambacho kijiti kikiwa kikavu kina rangi ya chungwa, kikapita kijani kikafika kwenye bluu, 8.5, mwisho kabisa wa kipimo. Mkojo wenyewe ulikuwa na harufu kali ya amonia, ile inayopanda puani mpaka macho yanalenga machozi. Nikapiga picha, nikaituma kundini. Jibu la msimamizi lilikuja baada ya dakika mbili: "Hongera, mwili wako umeshakuwa alkalini."

Nikafurahi. Nikaenda nikakoroga kijiko kingine.

Dada, picha ile ilikuwa na kila kitu. Chembe nyeupe zinasema mwili unapigana. Nitraiti inasema kuna bakteria. Na pH ya juu kiasi hicho pamoja na harufu ya amonia inamtaja karibu kwa jina: bakteria anayevunja urea. Kwangu alikuwa Proteus mirabilis. Ana kimeng'enya cha kugeuza urea ya mkojo kuwa amonia, mkojo unapoteza uasidi wake, na magnesi, amonia na fosfeti zinaanza kugandamana kuwa jiwe. Wataalamu wanaliita struviti. Bakteria anakaa ndani ya hilo jiwe kama kuku kwenye banda, dawa zinaua walio nje, walio ndani wanasubiri dozi iishe. Ndiyo siri ya UTI yangu kurudi kila mara. Na vinyweleo anavyotegemea Proteus kujishikiza kwenye njia ya mkojo ni vya aina isiyozuiwa na manosi hata uoge nayo.

Kwa hiyo miezi yote minane nilikuwa namnywesha sukari mdudu asiyehusika nayo, huku jiwe linakua.

Nilianguka bafuni. Homa ilikuwa 39.8, nilikuwa natapika hata maji, na ubavu wa kushoto ulikuwa unauma kiasi kwamba nilishindwa kunyoosha mguu. Nikawekewa dripu. Daktari wa zamu aliniuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Mkojo wako ulioteshwa lini mara ya mwisho?" Nikamwambia sijawahi. Hakunifokea. Aliandika kitu kwenye karatasi, akampa nesi kichupa, wakachukua mkojo hapo hapo, kisha dawa ikaanza kuingia kwenye mshipa bila kusubiri majibu. Majibu yalikuja siku ya tatu yakiwa na jina la bakteria na orodha ya dawa zinazomuua na zile asizozijali. Moja kati ya zile asizozijali ilikuwa ndiyo niliyokuwa nikipewa kila mara.

Kisha picha ya CT. Jiwe lilikuwa limejaza vyumba vya figo ya kushoto, lina matawi matawi kama tangawizi. Halikuweza kutoka kwa njia ya mkojo wala kuyeyushwa kwa maji. Walitoboa mgongoni, wakapitisha bomba mpaka ndani ya figo, wakalivunja vipande na kuvitoa, na ilibidi warudie mara ya pili kwa sababu kipande kikibaki, bakteria wanabaki nacho na jiwe linaanza upya. Figo ile haijarudi kufanya kazi kama mwenzake. Bado napimwa damu kila baada ya miezi mitatu.

Yule msimamizi nilimwandikia kutoka kitandani. Alijibu kwamba huenda sikutumia unga safi. Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile mikono inanitetemeka. Mtu ameona picha yenye nitraiti na amonia, ameniambia hongera, na nikiwa na mrija mgongoni anaulaumu unga. Nilipomjibu akanitoa kundini. Wanawake wengine waliokuwa mle ndani sijui wako wapi leo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mrija.

Na watakutumia utafiti, najua, kwa sababu hata mimi nilitumiwa. Ule wa Kroatia wa mwaka 2014. Wanawake 308, gramu 2 za manosi kwenye mililita 200 za maji kila siku kwa miezi sita. UTI ilirudi kwa asilimia 15 hivi ya waliokunywa manosi, asilimia 20 ya waliokunywa antibayotiki ya nitrofurantoini, na asilimia 60 ya wasiopewa kitu. Namba zinavutia. Lakini soma mwanzo wake: wale wanawake walitibiwa kwanza kwa antibayotiki, ndipo wakaanza manosi ili kuzuia isirudi. Hakuna pale mtu aliyekuwa anatibu UTI inayowaka, kama hiyo uliyo nayo wewe sasa. Na wasiopewa kitu walijua hawakupewa kitu.

Uingereza walikuja kufanya utafiti ambao mgonjwa hajui anakunywa nini. Matokeo yalitoka mwaka 2024. Wanawake 598 wenye UTI inayorudi, nusu manosi gramu 2 kwa siku, nusu fruktosi (sukari ya matunda, iliyowekwa kama dawa bandia ya kulinganishia), miezi sita. Waliorudi kutafuta huduma kwa dalili za UTI walikuwa asilimia 51.0 kwa manosi na 55.7 kwa fruktosi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea. Hiyo ni kwa kuzuia tu, kazi ambayo manosi ilikuwa inasifiwa zaidi. Ukiuliza kundini kuhusu utafiti huo utasikia kimya.

Sisemi sukari haiwezi kuwa dawa. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachotengeneza manosi-6-fosfeti mwilini, yaani umbo la manosi ambalo seli hulitumia, na kwao manosi ya kunywa ndiyo tiba yenyewe, inawasaidia hasa utumbo. Lakini angalia: kwao ugonjwa ulipimwa ukajulikana, ndipo sukari ikaja.

Hiyo ndiyo kanuni yangu, na nitairudia kwenye kila uzi wa manosi mpaka nichoke: mkojo kwanza, unga baadaye. Ukifika hospitali omba kuoteshwa mkojo, usikubali kijiti peke yake kama UTI imekwisha kukurudia. Nawa, acha mkojo wa mwanzo umwagike, kinga ule wa katikati kwenye kichupa kisafi bila kugusa ndani ya mdomo wake, ufike maabara haraka, ndani ya saa mbili, na ukichelewa ukae kwenye friji. Usimeze antibayotiki zilizobaki kwenye droo kabla ya kutoa sampuli, zinaweza kumficha mdudu asiote. Ukishatoa sampuli, na kwa homa uliyonayo, watakuanzishia dawa hapo hapo, kubali. Majibu yakija dawa itabadilishwa kama inabidi. Kama una mimba au una kisukari waambie ukiwa bado mapokezi. Na wakikuambia bakteria ni Proteus, usitoke hapo bila kuuliza kuhusu picha ya figo.

Unga ulionao hautaharibika wiki hii. Ufunge.

Umesema unaishi peke yako, basi mpigie mtu akusindikize, kutetemeka kule kukirudi njiani hutaweza kusimama vizuri. Ukishatoa mkojo andika hapa homa ni ngapi na wamekuambia nini. Simu iko karibu yangu usiku huu.