Kwa mnaoanza kuingiza matokeo ya uchaguzi wa bunge la Nebraska, Marekani: namba ya wilaya huhama

Juzi nimefungua jedwali la wadogo zangu wapya, nikakuta safu ya chama imejazwa yote kuanzia 1936. Nikalifunga, nikaenda kuchemsha chai. Nawapenda, lakini hebu tuongee.

1. Karatasi ya kura ya bunge la Nebraska haina chama. Wananchi waliamua hivyo Novemba 1934, seneta wao George Norris akiwa mstari wa mbele kulipigia debe, na baraza moja lenye wajumbe 43 likaanza vikao 1937 badala ya mabaraza mawili yenye watu 133. Ukijua chama cha mgombea, kiandike kwenye maelezo pamoja na chanzo. Mchujo hupitisha wawili wa juu, basi msishtuke mkikuta Warepublican wawili wanapambana Novemba.

2. Zamani muhula ulikuwa miaka 2, si 4. Na ninyi wa Tanzania, hapa jimbo ni Nebraska yote; eneo la ndani yake linalochagua mjumbe mmoja andikeni wilaya.

3. Wilaya. Hili bado linaniuma. Mwaka wangu wa pili nilichora grafu ya matokeo ya wilaya namba 49. Mpaka 2008 mstari ulikwenda vizuri, ulipofika 2012 ukageuka. Nikaandika kurasa nne kueleza jinsi wafugaji wa kaunti ya Sheridan, kule magharibi, walivyobadilika: vijana wamerudi, mji umeamka. Nikasimama mbele za watu kuwasomea. Mzee mmoja wa huko, kofia yake ameipakata magotini, akasubiri nimalize, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, hao wafugaji uliwaona wapi? Kiti chetu si walikichukua?"

Ni kweli. Baada ya sensa ya 2010 mipaka ilichorwa upya 2011. Viti sasa ni 49, si 43 tena, na havikuongezwa; magharibi watu wamepungua huku Sarpy, pembeni mwa Omaha, nyumba zikiota kila mwaka. Namba 49 ikang'olewa kwa wafugaji ikapandwa Sarpy, upande wa pili wa jimbo. Mzee yule na majirani zake walikuwa wamepoteza kiti, mimi nikawaandikia habari ya kuamka. Nilimfuata nje kumwomba radhi. Alinishika bega, akanichorea mipaka ya zamani nyuma ya bahasha. Ile bahasha ninayo mpaka leo.

4. Msifute jina kwa kuwa limejirudia. Ernie Chambers wa Omaha alichaguliwa mara ya kwanza 1970, ukomo wa mihula miwili mfululizo ukamtoa 2009, akasubiri, akashinda tena 2012. Nani amefuta mstari wake wa pili kwenye jedwali? Aurudishe leo.

Ramani zote mbili, ya 2011 na ya 2021, nimezibandika karibu na dirisha. Safari ya 2021 namba 36 ndiyo iliyohamia Sarpy. Kesho tutaanza na hiyo. Njooni na rula.