Kuonja mvinyo mwekundu kileleni: alama yako usiikabidhi kwa mandhari

Mvinyo wowote ukinywewa juu ya mlima, jua linaelekea kuzama na bonde zima limelala chini ya miguu yako, unapanda alama mbili kabla haujagusa ulimi. Sisemi hivi kuwabeza wenye mashamba ya zabibu ya mlimani wanaotuonjesha mvinyo wao. Mandhari ni sehemu ya raha, na aliyepanda njia yenye kona zote zile ana haki ya kufurahi. Ila kama unataka alama itakayokusaidia kuamua chupa ipi uondoke nayo na ipi uiache palepale kaunta, tenganisha siku njema na mvinyo mzuri. Nimeonja mabondeni na vileleni kiasi cha kuona kwamba kileleni ndiko watu wanakosea zaidi, tena wanakosea pande zote mbili. Mvinyo laini wa kawaida wanaupa alama za bure, na mvinyo mkali, ambao miaka kumi ijayo ungekuwa bora kuliko wote mezani, wanaunyima.

Hilo la pili ndilo linaloniudhi, kwa hiyo naanza nalo.

Kadiri unavyopanda, hewa inapoa, kwa wastani karibu nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Wakati huohuo mionzi ya jua ya urujuanimno (UV) inaongezeka, kwa sababu hewa inayoichuja imepungua. Zabibu hujikinga na mionzi hiyo kwa kujaza rangi na tanini, ile kemikali inayokausha mdomo, kwenye ganda. Udongo wa mteremkoni nao ni haba, mvua imeshaubeba mwingi kuupeleka bondeni, na mizizi inahangaika kwenye mawe kutafuta maji. Punje zinabaki ndogo. Punje ikiwa ndogo, ganda linakuwa jingi ukilinganisha na maji yake, na rangi na tanini ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda. Ongeza ubaridi wa usiku, unaozuia asidi isipotee haraka wakati tunda linaiva, na sasa unajua kwa nini glasi yako ni nyeusi ti, ina uchachu na inakukaba mdomo.

(Si kila mlima una usiku wa baridi, usimeze kila maelezo ya mwenyeji. Karibu na bahari, ukungu unaweza kujaa bondeni na kuliacha shamba la juu likiwa wazi, na usiku wa kileleni ukawa na joto kuliko wa chini. Howell Mountain, kule Napa, California, inajulikana hasa kwa kukaa juu ya ukungu huo. Uliza. Jibu litakwambia mengi kuhusu uchachu utakaoukuta kwenye glasi.)

Sasa, huo ukakasi. Wengi wanauita uchungu na kuukatia alama papo hapo, lakini uchungu ni ladha na ukakasi ni mguso. Tanini inashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na mdomo unabaki mkavu. Ni kile unachokisikia ukinywa chai ya rangi iliyosahaulika na majani yake. Ninavyoupima ni hivi: nikishatema, napitisha ulimi kwenye fizi za juu, mbele ya meno, kisha nasubiri. Tanini iliyoiva inasambaa mdomo mzima, ni laini, inabana bila kukwaruza, na tunda bado lipo nyuma yake. Tanini mbichi inakwaruza fizi za mbele tu, puani unapata majani mabichi, na tunda limeshatoweka. Ya kwanza ni akiba, hata kama leo inakaba. Ya pili ni kasoro, na miaka ya kukaa chupani haitaiokoa.

Anayebisha kwamba mvinyo wa mlimani unahitaji muda na auangalie Monte Bello, shamba la kampuni ya Ridge kwenye ukingo wa milima ya Santa Cruz, California. Tarehe 24 Mei 1976 Steven Spurrier, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza, aliandaa shindano jijini Paris, waonjaji wa Kifaransa wakapewa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuona lebo. Ushindi wa upande wa mwekundu uliochukuliwa na Stag's Leap Wine Cellars ya California, kwa mvinyo wa mwaka 1973, ndio uliovuma duniani. Monte Bello wa 1971 ulishika nafasi ya tano. Mwaka 2006 mvinyo ileile mwekundu ikaonjwa upya, ikiwa na miaka 30 zaidi, na Monte Bello ukatoka wa kwanza. Aliyeupa alama ndogo mwaka 1976 hakuwa mjinga. Aliandika alichokionja siku ile. Wewe ukiwa kaunta una nafasi ya kuandika kitu cha ziada, yaani unachodhani kitakuja.

Kwa hiyo kwenye daftari langu kila mvinyo una namba mbili: ya leo na ya baadaye. Ya baadaye ni makisio, lakini si ya kubahatisha. Naangalia vitu vitatu: uchachu upo, tanini imeiva, tunda ni jingi kiasi cha kuvibeba vyote viwili. Kimoja kikikosekana, siongezi hata nusu alama.

Kabla ya namba, mahali pa kuonjea. Mwenyeji atakupeleka barazani, kwa nia njema kabisa, penye upepo na jua. Mshukuru, kisha omba muanzie ndani. Upepo wa kileleni unaifagia harufu juu ya glasi kabla pua haijafika, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Jua nalo litaupasha mvinyo moto ukiwa bado unasikiliza historia ya familia. Ukivuka nyuzi 20 hivi, kilevi kinapanda puani na kufunika mengine. Lakini na wewe usikimbilie ghala la mapipa. Mvinyo mwekundu mzito uliomiminwa kwenye nyuzi 12 au 13 unaficha harufu na unaongeza ukakasi, na utausingizia tanini mbaya kumbe ni baridi tu. Nyuzi 16 hadi 18 zinautosha. Ukiupata baridi, kumbata glasi kwa viganja viwili, zungumza na watu, kisha urudie. Baraza itakusubiri, nenda ukishamaliza kuandika, na hapo kunywa kwa raha zako bila daftari.

Manukato acha nyumbani. Hili sina haja ya kulieleza zaidi, aliyewahi kusimama kaunta na mtu aliyejipulizia nusu chupa ananielewa.

Rangi siipi alama yoyote. Naitazama, naiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe na kuangalia ukingoni, pale mvinyo unapokuwa mwembamba: zambarau iliyoiva inaniambia ni mchanga, wekundu wa tofali unaniambia umeshazeeka. Basi. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Bordeaux, mji wa mvinyo kule Ufaransa, ambapo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Wanafunzi wa fani, tena katika mji wa fani! Mlimani, ambako kila glasi ni nyeusi na inatisha kidogo, jicho litakudanganya zaidi. Weusi si ubora.

Kinachofuata ni mpangilio. Tanini inajilimbikiza mdomoni, kila funda linaongeza juu ya lililotangulia, na ndiyo maana glasi ya nne inaonekana kali hata ikiwa sawa na ya kwanza. Kula kitu kikavu kisicho na ladha, kunywa maji, subiri dakika mbili tatu. Halafu fanya jambo ambalo wageni wengi hawalifanyi: ukifika mwisho, rudi kwenye glasi ya kwanza na uipe alama upya bila kuangalia ulichoandika. Namba hizo mbili zikipishana sana, tatizo ni mdomo wako, mvinyo hauna kosa.

Na utemee. Najua wengine wanaona haya, wanaona ndoo ile kaunta ni ya wataalamu au ni kumdharau mwenyeji. Mwenyeji ndiye aliyeiweka. Ukimeza kila funda, kufika glasi ya tano unatoa alama kwa ukarimu ambao asubuhi hukuwa nao, na barabara ya kushuka ina kona zilezile. Aliyeshika usukani atemee zote au asionje kabisa, hapo sina mjadala.

Kuhusu mizani yenyewe, chagua moja na uishi nayo. Ile ya 100, iliyoenezwa na mhakiki wa mvinyo Robert Parker wa Marekani, kiuhalisia inaanzia 50, na watu wengi wanacheza kati ya 85 na 95, kwa hiyo ukubwa wake ni wa macho tu. Chuo Kikuu cha California kule Davis kilitengeneza ya 20 mwaka 1959, kwa ajili ya kunasa kasoro zaidi kuliko kusifia. Mimi natumia 20, lakini nimeigawa ninavyotaka: harufu 6, uwiano mdomoni 8, urefu wa ladha 4, na 2 za mwisho ni jibu la swali moja, kwamba je, mkono umeirudia glasi wenyewe? Urefu naupima kwa kuhesabu polepole baada ya kutema, hadi ladha ya tunda inapokatika. Ukakasi unaobaki peke yake sihesabu, kwa sababu mvinyo wa mlimani unaweza kukukausha mdomo kwa dakika nzima huku ladha imekwenda zamani, nawe ukadhani umepewa kitu kirefu.

Lakini namba bila maneno haina kazi. "16" niliyoiandika bila maelezo hainiambii chochote miezi michache baadaye. Mstari mmoja unatosha: tunda gani, uchachu ukoje, tanini inashika wapi, kilevi kinachoma au hakichomi. Usihangaike na ushairi wa lebo. Kama unasikia zambarau na pilipili manga, andika zambarau na pilipili manga. Kama unasikia "kitu cheusi, kinanikumbusha ngozi ya viatu vipya," hayo ndiyo maneno yako na ndiyo utakayoyaelewa.

Usiziogope namba zako zikiyumba. Robert Hodgson alifuatilia waamuzi wa shindano la mvinyo la California State Fair, wakamiminiwa mvinyo uleule mara tatu kutoka chupa moja bila kujua, na ripoti yake ya mwaka 2008 ikaonyesha kwamba karibu asilimia 10 tu ya waamuzi waliweza kuurudisha mvinyo huo kwenye medali ileile. Hao ni waamuzi. Kwa hiyo 15 na 15.5 kwangu ni kitu kimoja, na nikikuta mtu anabishania nusu alama kaunta namwachia ashinde.

Ukiweza, onja bila kujua. Wahudumu wengi hulipenda ombi hili: "Nimiminie miwili, usiniambie upi ni upi." Omba mmoja uwe wa vitalu vya juu na mwingine wa vitalu vya chini vya shamba hilohilo, mwaka mmoja wa mavuno, zabibu za aina moja. Hakuna somo linalozidi hilo kuhusu mlima. Mara nyingi, si mara zote, wa chini unatangulia puani, mnene na mkarimu, na wa juu unakawia, lakini ndio unaobaki mdomoni. Usipojua lebo wala bei, utashangaa ni mara ngapi unaupendelea ule wa bei ndogo.

Kuna jambo la adabu pia. Ukinusa glasi ukakuta karatasi iliyolowa, au boksi lililokaa kwenye unyevu, hiyo ni kasoro ya kizibo, haihusiani na shamba wala na wewe. Usiupe alama mvinyo huo. Sema kwa upole, "Samahani, hii chupa naona haiko sawa, ungeinusa na wewe?" Mhudumu mzuri atafungua nyingine, tena atakushukuru, maana anayo siku nzima ya kumimina chupa ile kwa wengine. Harufu ya siki au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha ni habari nyingine. Ikiwa kwa mbali sana wapo wanaoipenda, ikitawala ni kasoro, na hiyo mara nyingi imetoka kwenye pipa au ghalani, kwa hiyo kufungua chupa nyingine hakutakusaidia.

Mwisho, ununuzi. Usinunue boksi siku ya kwanza. Nunua chupa moja ya ule ulioupa alama kubwa ya baadaye, shuka nayo, iache itulie wiki mbili, kisha ifungue mbali na kilele. Onja glasi moja na uandike alama bila kufungua daftari la mlimani. Rudisha kizibo, iweke mahali pa baridi, na uionje tena kesho yake kwa wakati uleule. Mvinyo mchanga wa mlimani wenye akiba hubadilika usiku mmoja: ukakasi unalegea, tunda linajitokeza, harufu ambazo kaunta zilikuwa zimejifungia zinaanza kutoka. Usio na akiba unakuwa bapa na tanini inabaki peke yake. Ukiona siku ya pili imeshinda ya kwanza, ndipo uwapigie simu uagize boksi. Ikishuka chini ya 15, malizia chupa na wageni.