Kozi ya epidemiolojia ya nyanjani kwa mtu wa maabara: omba

Mkuu, umeuliza kama mteknolojia wa maabara wa hospitali ya wilaya ana cha kupata kwenye kozi ya epidemiolojia ya nyanjani, yaani ya kupeleleza milipuko ya magonjwa kule inakotokea, maana wenzako wamekwambia hiyo ni ya madaktari na maafisa afya. Mimi nimetoka maabara, nikapita kozi ya awali na baadaye ile ya kati. Jibu langu ni omba, tena mwaka huu.

Wenzako wamekosea tangu kwenye msingi. Kenya ilipoanzisha programu hii 2004 na Tanzania 2008, chini ya Wizara ya Afya pamoja na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, watu wa maabara waliwekwa ndani tangu siku ya kwanza. Mpelelezi wa mlipuko asiyeelewa sampuli hubaki na dhana, na mpimaji asiyejua mgonjwa katoka wapi hubaki na jibu lisilomfaa mtu.

Kabla ya kozi, sampuli ilikuwa ikinifikia na jina na umri, basi. Napima, naandika kwenye rejesta, kazi imeisha. Kwamba wagonjwa kadhaa wa wiki ileile walikuwa wakichota maji sehemu moja, hilo halikuwa jambo la maabara. Alilijua mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa, naye alikuwa hajui nimepata nini. Ofisi zetu zilitazamana!

Chukua kipindupindu. Darasani tulikaa meza moja, mimi, muuguzi na afisa mifugo, tukafundishwa mambo ambayo kila mmoja alidhani ni ya mwenzake. Kinyesi kichukuliwe kabla mgonjwa hajaanza antibayotiki. Sampuli iliyo kwenye Cary-Blair, kile kihifadhio cha kusafirishia kinyesi, isafirishwe katika joto la kawaida, si kwenye barafu, na watu wengi wanaipeleka na barafu wakidhani wanaitunza. Kipimo cha haraka kinakupa tahadhari, ila mlipuko unathibitishwa kwa kuotesha bakteria au kwa PCR, kipimo cha vinasaba. Halafu lile lililonibadilisha kabisa: mlipuko ukishathibitishwa, huna haja ya kupima kila anayeharisha. Unapima wachache kwa mpango, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vinabaki, na nguvu inahamia kwenye maji na vyoo. Uamuzi huo hawezi kuufanya daktari peke yake wala mtu wa maabara peke yake.

Kumbuka Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Watu wanaugua homa, wanatokwa damu puani, mitandaoni hofu tupu. Vipimo vilisema si Ebola, si Marburg inayofanana nayo, si Uviko. Jibu la "si" ni nusu ya kazi tu. Ilibidi wataalamu waendelee kutafuta hadi ikabainika ni homa ya mgunda (leptospirosis). Wagonjwa 20, vifo 3. Na mgunda ni ugonjwa unaoambukizwa na wanyama, kwa hiyo yule afisa mifugo niliyekaa naye hakuwa msindikizaji.

Kagera 2023 nayo ni hivyohivyo. Marburg ilitangazwa Machi 21, na hadi ilipotangazwa kwisha Juni 2 walihesabiwa wagonjwa 9 na vifo 6. Kwa ugonjwa wa aina ile, ikibaki hesabu ndogo namna hiyo ujue kuna watu waliozunguka nyumba kwa nyumba kufuatilia waliokutana na wagonjwa, na wengine waliokesha wakipima.

Sasa upande unaoniuma. Nimeona halmashauri ikimwachia mtumishi akasome, akirudi anahamishiwa kitengo kisichohusika kabisa. Nimeona kikao cha dharura cha mlipuko kikiitishwa bila mtu wa maabara, kisha tunapigiwa simu usiku kuulizwa kwa nini majibu hayajatoka. Kumfundisha mtu bila kumpa kiti kwenye kikao hicho, na bila mafuta ya gari la kupeleka sampuli, ni kumwaga mbegu barabarani. Wakuu wa idara mnaosoma hapa, hili ni lenu.

Kuhusu muda usiogope. Ngazi ya awali ni kama miezi mitatu na hukai darasani yote. Unasoma siku chache, unarudi kituoni kufanya kazi uliyopewa, unarudi kuiwasilisha. Ya kati inakaribia mwaka. Ya juu ni miaka miwili, na hiyo ndiyo ya shahada ya uzamili.

Ukichaguliwa, kazi ya kwanza huwa ni kukagua ubora wa takwimu. Usihangaike kutafuta mada ya mbali. Chukua rejesta ya maabara yako, ilinganishe na ripoti za kila wiki zilizotumwa wilayani, ugonjwa mmoja tu, surua au kuhara damu. Tafuta waliopimwa wakakutwa nao lakini hawamo kwenye ripoti. Matokeo mpelekee Mganga Mkuu wa Wilaya ana kwa ana, na mratibu wa ufuatiliaji awepo. Na barua ya ruhusa ianze kushughulikiwa sasa, maana hiyo ndiyo huchelewa kuliko vyote.