Zebaki haifi: maswali yenu kuhusu bakteria, magugu na tope

Maswali kuhusu kusafisha zebaki kwa viumbe hai yamefurika, na mengi yanafanana karibu neno kwa neno. Kila mtu anataka jina: jina la bakteria, jina la mmea, jina la kuvu. Wanaouliza zebaki ikishatoka majini inakwenda wapi ni wachache mno. Zebaki ni elementi. Haiozi, haiungui ikaisha, na hakuna kiumbe anayeweza kuivunja ikawa kitu kingine. Wasomaji wa siku nyingi wanalijua hilo; wageni walishike kabla ya kuendelea.

Ni bakteria gani wanaokula zebaki, na nitawanunua wapi?

Hakuna bakteria anayekula zebaki. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na ninalijibu tena kwa sababu kuna watu wanauza chupa za "bakteria wa kula sumu" kwa wasiojua.

Waliopo ni bakteria wa aina nyingi wenye kundi la jeni liitwalo mer. Jeni moja, merA, hutengeneza kimeng'enya kinachochukua zebaki yenye chaji, ile inayoyeyuka majini, na kuigeuza kuwa zebaki ya metali. Baadhi yao wana pia merB, ambayo hukata kifungo kati ya kaboni na zebaki ndani ya methilizebaki, aina ile inayojilimbikiza kwenye samaki na kuharibu ubongo wa mtoto tumboni. Kazi hiyo bakteria huifanya kujinusuru. Zebaki ya metali huvukiza ikamtoka mwilini, naye akapona. Mvuke huo ukishaingia hewani unaweza kukaa miezi kadhaa, ukavuka mabara, kisha ukabadilika na kushuka na mvua kwenye ziwa la watu ambao hawajawahi kushika zebaki maishani mwao.

Tena bakteria hawa kwa kawaida tayari wamo kwenye tope lililochafuliwa. Waliobaki hai humo ni wale wenye uwezo wa kuivumilia. Anayekuuzia chupa muulize swali moja tu: mvuke utanaswa na nini? Akikosa jibu, usimpe pesa.

Je, imewahi kufanya kazi kweli, au ni habari za maabara tu?

Imefanya kazi, na mfano ninaouheshimu kuliko yote unatoka Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walijenga mtambo wa majaribio kwenye kiwanda cha kutengeneza klorini na soda kaustiki, aina ya kiwanda ambacho kwa miongo mingi kilitumia zebaki kwa wingi. Maji machafu yalipunguzwa ukali kwanza, yakaongezwa chakula kidogo cha bakteria, kisha yakapitishwa kwenye tangi lililojazwa vipande vyenye vitundu ambamo bakteria wenye merA walikuwa wamejijengea utando. Zebaki iliyoyeyuka iligeuka kuwa matone madogo ya metali yaliyonaswa humo humo tangini. Kiasi kidogo kilichoponyoka kilikamatwa na kichujio cha mkaa maalumu wa kunasa kemikali.

Tazameni kwa nini ulifaulu. Maji yalikuwa ndani ya bomba, kiasi chake kilijulikana, chombo kilifungwa, na zebaki ilibaki mahali ambapo mtu angeweza kuifikia na kuichukua. Hayo manne ukiyakosa, huna usafishaji. Mto hauna bomba. Kwa hiyo mtu anaponiambia atamwaga bakteria mtoni "kama walivyofanya Wajerumani", najua hakusoma walichofanya.

Nina bwawa lenye zebaki. Nipande magugu maji?

Magugu maji hufyonza zebaki, hilo ni kweli, na sehemu kubwa hubaki kwenye mizizi. Hapo ndipo wengi wanapoacha kusoma.

Kwanza, mmea ukifa bwawani unaoza, na zebaki inarudi kwenye tope ulikoitoa. Basi ni lazima uuvune, wote pamoja na mizizi, kabla haujafa, na uendelee kuvuna msimu baada ya msimu. Pili, mavuno hayo sasa ni taka yenye sumu. Usiyape mifugo, usiyageuze mboji ya shamba, usiyafanye kuni. Yanahitaji shimo lililosakafiwa lisilovuja, au mtambo wenye uwezo wa kunasa mvuke. Tatu, na hili halisemwi inavyostahili, zulia zito la mimea inayoelea huzuia hewa kuingia majini, na kwenye mizizi yake huishi vijidudu vinavyogeuza zebaki ya kawaida kuwa methilizebaki. Uchunguzi kwenye maji ya Amazon umeonyesha kwamba mizizi ya mimea inayoelea ni mojawapo ya mahali ambapo ugeuzaji huo hufanyika kwa kasi kubwa. Unaweza kupanda mmea wa kupunguza sumu ukajikuta umejenga kiwanda cha sumu kali zaidi.

Sisemi usipande kamwe. Kwenye bwawa dogo la kutibia maji, lenye mwenyewe anayevuna kwa ratiba na mwenye pa kupeleka mavuno, mimea inasaidia kupunguza kinachotoka. Kwenye ziwa la wazi lisilo na mwenyewe, acha.

Wapo pia wanaouliza kuhusu mmea wa nchi kavu unaokusanya zebaki kwa wingi kama aina moja ya kangaga inavyokusanya aseniki. Hadi leo hakuna mmea wa asili unaokubalika kuwa mkusanyaji mkubwa wa zebaki. Zebaki hushikamana sana na udongo na mboji, na mizizi haiipati kirahisi.

Nikikausha hayo magugu na kuyachoma, majivu si yatakuwa machache na rahisi kuzika?

Usichome. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, moto wa kawaida unazidi hapo, na utabaki na majivu yasiyo na zebaki wakati mapafu yako na ya majirani yameipokea.

Nimesoma kwamba bakteria wanahitaji chakula. Tumwage molasi au samadi bwawani ili waongezeke?

Swali hili linanitia hofu kuliko mengine yote, kwa sababu aliyeuliza ameshaandaa madebe.

Usipochagua unayemlisha, utamlisha adui. Ukimwaga sukari au samadi kwenye maji yaliyotulia, vijidudu vinakula, oksijeni inaisha, na wanaobaki wakistawi ni wale wanaoishi bila hewa. Miongoni mwao wamo wanaopumua kwa salfeti (chumvi ya salfa) badala ya oksijeni, wanaopumua kwa chuma, na wanaotengeneza gesi ya methani. Baadhi ya hao hao ndio watengenezaji wa methilizebaki. Mwaka 2013 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, pamoja na wenzao, walitangaza jeni mbili zinazofanya kazi hiyo, hgcA na hgcB. Tangu hapo inawezekana kupima tope na kujua kama watengenezaji hao wamo. Oak Ridge walikuwa na sababu yao ya kujali: kiwanda cha silaha cha Y-12 kilichafua kwa zebaki kijito cha East Fork Poplar kinachopita hapo.

Mkanganyiko upo, naukubali. Bakteria wa salfeti hutoa salfaidi, na salfaidi ikikutana na zebaki huunda kiwanja kigumu kisichoyeyuka kirahisi. Ndiyo maana kuna mitambo inayowatumia kugandisha metali. Lakini mitambo hiyo hupimwa kila mara na watu wenye vifaa. Kundi lile lile la bakteria linaweza kukufungia zebaki au kukugeuzia iwe sumu ya samaki, kutegemea kiasi cha salfeti, mboji na asidi kwenye maji. Dumu la molasi halijui tofauti hiyo. Mwagia mbali na maji.

Miti iliyobadilishwa jeni imefikia wapi?

Mwaka 1996 kundi la Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, lilitangaza mmea mdogo wa maabara uliopandikizwa merA ya bakteria. Baadaye wakaongeza merB. Mwaka 2003 mipopla yenye jeni hiyo ilipandwa Danbury, Connecticut, mji uliotengeneza kofia kwa kutumia zebaki hadi ardhi yake ikachafuka. Ni kazi nzuri ya sayansi. Lakini mti wenye merA hutoa zebaki kama mvuke, na hapo narudi kwenye swali langu la kwanza. Watetezi wanasema mvuke kidogo uliotawanyika ni nafuu kuliko methilizebaki kwenye samaki. Hoja hiyo ina uzito pale penye methilizebaki nyingi na watu wanaokula samaki wa hapo. Kwingine siikubali. Kutawanya uchafu hewani ni kuwabebesha wengine mzigo bila kuwauliza.

Na kuvu?

Mwaka 2022 ilichapishwa kazi kuhusu Metarhizium robertsii, kuvu anayeishi na mizizi ya mimea na anayejulikana zaidi kwa kuua wadudu. Ana vimeng'enya vinavyofanana na vya merA na merB, na mahindi yaliyokua naye kwenye udongo wenye zebaki yalifyonza kidogo zaidi. Inatia moyo. Haimpi mtu ruhusa ya kulima chakula kwenye udongo wenye zebaki leo.

Marudio yangu (mchanga uliobaki baada ya kuchenjua dhahabu) yana zebaki iliyobaki. Kuna mtu anataka kuyanunua ayatie sayanaidi apate dhahabu iliyosalia. Bakteria si watamalizia?

Hapana, na usiuze.

Sayanaidi inayeyusha zebaki pamoja na dhahabu. Iliyokuwa imelala kwenye mchanga sasa inatembea na maji, inafika mbali, na ni rahisi zaidi kuingia kwenye viumbe. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, umezitaja kazi nne za uchimbaji mdogo zinazopaswa kukomeshwa: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa bila kuchekecha kwanza, kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu mahali pa wazi, kuuchoma kwenye makazi ya watu, na hii yako ya kutia sayanaidi kwenye marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa. Si ushauri wangu peke yangu.

Nawaheshimu wachenjuaji, najua wengi wanafanya kazi hii kwa kukosa nyingine. Ndiyo sababu nasema waziwazi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2015 yaliweka uchimbaji mdogo wa dhahabu kwenye asilimia 38 hivi ya zebaki yote inayotolewa hewani na shughuli za binadamu, zaidi ya makaa ya mawe. Chombo cha kufunga cha kukamatia mvuke wakati wa kuchoma hukurudishia zebaki unayoinunua kwa fedha zako na huokoa mapafu yako. Kifaa hicho kinafanya kwa saa moja kazi ambayo bakteria na magugu hawataifanya kwa miaka.

Mwani wa kijani wa vidonge au majani ya giligilani yatanitoa zebaki mwilini?

Hapana. Kama unashuku sumu, pimwa hospitali: damu na nywele kwa methilizebaki, mkojo kwa zebaki nyingine. Zipo dawa za kuiondoa na daktari ndiye anayezitoa, kwa sababu zina madhara yake. Na kwa kuwa aliyeandika ametaja krimu ya kung'arisha ngozi: krimu hizo mara nyingi ndizo zenye zebaki. Acha leo kuipaka, usiwakaribishie watoto kopo hilo, na upeleke kopo lenyewe kwa anayekupima.

Maji yetu ni maangavu na tunayachemsha. Yako salama?

Uangavu hauonyeshi lolote, na kuchemsha hakuondoi tatizo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kaboni kwa lita ya maji ya kunywa, na kiasi hicho jicho haliwezi kukiona. Zaidi ya hayo, maji yanaweza kufaulu kipimo huku samaki wa hapo hapo wakiwa na sumu, maana methilizebaki huongezeka kila mmoja anapomla mwenzake, mpaka kwenye samaki wakubwa walao nyama inakuwa mamia ya maelfu ya mara, hata milioni, kuliko majini. Pimeni samaki na tope. Na msidanganyike na mapishi: methilizebaki imeshikamana na nyama yenyewe, haitoki kwa kukaanga wala kwa kutoa mafuta.

Tukiacha kutia zebaki leo, ziwa litapona lini?

Kanada walifanya jaribio ambalo kila anayeuliza kuhusu mimea na bakteria angelisoma kwanza. Kwenye ziwa la utafiti watafiti waliongeza zebaki yenye alama maalumu kwa miaka 7, kuanzia 2001, kisha wakaacha. Hawakupanda kitu wala kumwaga bakteria. Methilizebaki iliyotokana na zebaki hiyo yenye alama ilishuka upesi kwenye viumbe wadogo, na katika miaka 8 iliyofuata ile iliyomo kwenye samaki wakubwa wawindaji ilipungua kwa takriban robo tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Hilo lilikuwa ziwa ambalo tope lake halikuwa limejaa. Ghuba ya Minamata, Japani, ilikuwa imejaa. Kiwanda kiliacha kumwaga mwaka 1968. Kuanzia 1977 hadi 1990 walichimba na kufukia takriban mita za ujazo milioni 1.5 za tope, na gavana wa Kumamoto hakutangaza samaki wa ghuba kuwa salama hadi mwaka 1997. Kwa hiyo pimeni tope lenu kabla ya kuhesabu miaka. Anayetaka nimsaidie kusoma matokeo ayatume pamoja na kina ambacho sampuli ilichotwa. Bila kina siwezi kusema lolote la maana.